Simu ya Fundi Cherehani

Mkuu wa kitengo alimpokea Mkaguzi mlangoni kwa mikono miwili, kama mtu anayempokea mkwe. Hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi, maana katika miaka kumi na moja ya kukagua ofisi za dola, Mkaguzi alikuwa amezoea kupokewa na migongo. Polisi walimbandika jina la Mama Chekeche, na hawakumpa kwa mapenzi.

“Karibu sana, Mama. Hapa kwetu ni kioo,” alisema Mkuu. Alikuwa mwanamume mnene, miaka sitini kasoro kidogo, mpole wa sauti, shati limepigwa pasi hadi kwenye vifungo. “Uliza lolote, fungua popote. Ukikwama, nipigie.” Akachana kipande cha karatasi, akaandika nambari. “Hii ni ya mfukoni. Miaka kumi sijaibadilisha. Hata ndugu zangu wananipata kwa hii hii.”

Mkaguzi alikitia kikaratasi ndani ya kibweta chake cha miwani, akashukuru, akaomba vitu viwili tu: meza, na majalada yote ya miezi sita.

Kazi ya kitengo kile ilikuwa moja. Mpelelezi yeyote aliyetaka kujua simu fulani imeongea na nani, lini, kwa dakika ngapi, na kutoka mnara upi, hakuruhusiwa kwenda mwenyewe kwenye kampuni ya simu. Alijaza fomu akaeleza sababu. Mtu wa pili aliihakiki. Mtu wa tatu, asiye na mkono wowote katika kesi ile, ndiye aliyeidhinisha. Watu watatu, macho sita. Na kazi ya Mkaguzi ilikuwa kutazama kama hayo macho sita yalikuwa wazi au yamefumbwa.

Kwa kawaida aliichukua kazi hiyo taratibu, jalada moja baada ya jingine. Siku hiyo alikuja kwa ajili ya mtu mmoja.

Wiki mbili nyuma, muuguzi mmoja kijana aliingia ofisini kwake mkono wa kushoto ukiwa kwenye plasta. Alikuwa amemkimbia mume. Alihama chumba mara tatu, na kila alipohama alibadilisha laini ya simu. Kila mara, kabla wiki haijaisha, mume alibisha hodi. Mara ya kwanza alivunja mlango. Mara ya pili alivunja vyombo. Mara ya tatu alivunja mkono. Na mume mwenyewe alikuwa mkandarasi wa majengo, hana cheo wala gwanda, mtu ambaye hangeweza kuijua minara ya simu ila kwa kushikwa mkono na mwenye mamlaka.

“Sijali kama wananisikiliza, Mama,” yule muuguzi alisema. “Nataka kujua anajuaje ninapolala.”

Ijumaa iliyopita alihama kwa mara ya nne, akachukua laini ya nne, akaja mwenyewe kwa miguu kumwarifu Mkaguzi. “Hii nayo ikijulikana,” alisema, “sitakuwa na mkono wa kukuandikia malalamiko.”

Leo ilikuwa Jumatano.

Chumba cha majalada kilikuwa na dirisha moja, feni moja iliyozunguka kwa hiari yake, na mwanamke mmoja. Huyo ndiye mhakiki, mtu wa pili katika wale watatu. Wenzake walimwita Bi Rula. Sababu ilionekana wazi kwenye kila fomu: chini ya nambari ya mwisho palipigwa mstari mwekundu, umenyooka, kutoka ukingo hadi ukingo, ili asije mtu baadaye akachomeka nambari nyingine.

“Mistari hii yote umepiga wewe?” Mkaguzi aliuliza.

“Yote, Mama. Miaka kumi na minne. Rula imebadilika mara tatu, mkono ni ule ule.”

Maombi yalikuwa mia nne na kumi na mawili. Mkaguzi aliyapitia moja moja, kadi ndogo aliyoandika nambari nne za muuguzi ikiwa ndani ya daftari lake. Wezi wa magari, mtoto aliyepotea akapatikana, kiwanda cha dawa bandia, matapeli wa viwanja. Fomu zilijazwa vizuri kuliko alivyotarajia. Kufika saa sita mchana alikuwa amemaliza jalada la mwisho, na nambari za muuguzi hazikuwamo. Si moja, si mbili, si zote nne.

Alirudia upya majalada hamsini, kwa kuyachomoa ovyo. Hakuna kitu.

“Unayoitafuta haimo,” alisema Bi Rula bila kuinua macho.

“Haimo.”

“Basi labda kweli sisi ni kioo.” Alisema hivyo kwa sauti ya mtu ambaye hakuwa na imani kubwa na vioo.

Mkaguzi alifunga jalada, akafungua maelezo aliyoyaandika muuguzi alipokuja. Alikuwa amemwuliza: ukipata laini mpya, unampigia nani wa kwanza? Na jibu lilikuwa pale, kwa mwandiko wake mwenyewe. *Mama yangu tu. Kila Jumapili saa kumi jioni. Mama hana simu. Anakwenda kupokea kwa fundi cherehani, jirani. Wanaoijua hiyo simu ya fundi: mama, fundi mwenyewe, na mjomba aliyenilea. Mjomba sijamwambia habari ya mkono, ana presha.* Chini yake kulikuwa na nambari ya fundi. Mkaguzi alikuwa ameiandika kwa mazoea tu, kama mtu anavyookota kifungo njiani.

Alianza tena kutoka jalada la kwanza. Safari hii haikumchukua hata nusu saa.

Nambari ya fundi cherehani ilikuwamo mara nne, kwenye fomu nne tofauti, zote za kesi moja ya wizi wa nyaya za umeme. Sababu iliandikwa hivi: *Mhusika anashukiwa kupanda nguzo na kukata nyaya.* Mkaguzi alikumbuka maelezo ya muuguzi kwamba fundi ana miaka sabini na moja na goti bovu, hata kupanda kigoda humshinda. Angekuwa na moyo wa kucheka angecheka.

Akalinganisha tarehe. Kila fomu iliandikwa siku moja au mbili baada ya Jumapili ya kwanza ya laini mpya. Ile ya nne iliandikwa jana.

Hapo Mkaguzi aliweka kalamu chini. Muuguzi mwenyewe hakutafutwa kabisa. Nambari zake hazikuguswa. Kilichotafutwa ni mlango ambao lazima angepitia, kwa sababu alimpenda mama yake. Ukitaka kumpata mtu, usimfuate yeye. Kaa karibu na ampendaye. Hila hiyo ilikuwa rahisi kiasi cha kutisha.

“Ombi la jana,” alisema polepole, “majibu yake yanakuja lini?”

“Leo saa tisa. Yanatoka kwenye hii printa hapa. Ombi likishatoka, Mama, halirudi.”

Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika arobaini na tano.

Mwombaji kwenye fomu zote nne alikuwa mtu mmoja, Sajenti wa upelelezi. Mkaguzi aliagiza aitwe. Saa saba unusu Sajenti aliingia kwa magongo mawili, mguu wa kulia umefungwa vyuma, jasho linamtiririka kwa ngazi za ghorofa mbili.

“Pole kwa safari, Sajenti.”

“Nimeshapoa, Mama. Kuitwa na Mama Chekeche, hata aliye jenezani anaamka.”

“Unamjua mtu huyu?” Alimwonyesha nambari.

“Simjui.”

“Umeombea simu yake mara nne. Kesi ya nyaya.”

“Kesi ya nyaya ni yangu, ndiyo. Lakini mimi nilianguka na pikipiki miezi minne iliyopita. Miwili nimelala wodini mguu umening’inizwa, miwili nimelala nyumbani nagombana na mke wangu. Sijashika kalamu.”

“Fomu ina jina lako.”

“Jina halivunjiki mguu, Mama. Linatembea tu.”

Mkaguzi alimtazama vizuri. Mtu mwongo hujipanga. Huyu alikuwa anajipepea kwa kofia na kutafuta mahali pa kuweka gongo. “Kazi zako nani anazisukuma?”

“Nilijua zimesimama.”

Sajenti aliposhuka, ngazi moja kwa dua moja, Mkaguzi alimgeukia Bi Rula. “Dada, fomu zinaletwa kwako mkononi. Hizi nne hazikuletwa na Sajenti. Unakumbuka aliyezileta?”

Bi Rula aliweka rula chini. Akainuka, akachomoa ufunguo kwenye mkufu shingoni, akafungua kabati la chuma lililokuwa nyuma ya mlango.

Ndani mlikuwa na madaftari ya shule, yale ya kurasa mia mbili, yamepangwa kwa miaka, kila moja na karatasi ya rangi mgongoni. Mkaguzi aliyahesabu kwa macho hadi arobaini, akaacha.

“Haya hayamo kwenye taratibu,” Bi Rula alisema. “Ni yangu. Mwaka wa kwanza hapa nilihakiki fomu yenye jina la mtu aliyekwisha kufa. Nililia wiki nzima. Toka siku ile, kila fomu inayoingia naandika aliyeileta kwa mkono wake. Simwandiki anayesemwa. Naandika ninayemwona.”

Alifungua daftari la mwisho, akaweka kidole. Mkaguzi alisoma.

*Fomu ya nyaya, namba ya fundi. Kaleta bosi mwenyewe. Sajenti kalazwa.* Kisha mwezi uliofuata, maneno yale yale. Kisha tena. Kisha jana: *Kaleta bosi. Nimemwuliza. Kasema niache maswali.*

Miaka kumi na minne, kila siku ya kazi, bila kuambiwa na bila kusifiwa na mtu. Mkaguzi aliwahi kuona mitambo yenye thamani ya jengo zima ambayo haikuweza kufanya kazi iliyofanywa na kabati lile. Alijikuta amesimama mbele yake kwa heshima, mikono nyuma.

“Kwa nini uliziacha zipite?”

Macho ya Bi Rula yalijaa. “Mara ya kwanza nilikataa. Akasema kazi za mgonjwa anazisukuma yeye. Nikamwambia, bosi, wewe ndiye unayeidhinisha, huwezi tena kuwa ndiye anayeomba. Akacheka. Mimi sina ubavu wa kumzuia, Mama. Lakini kalamu yangu hainywi chai na mtu.”

“Niletee majibu ya yale maombi matatu ya kwanza.”

Zilikuwa karatasi sita, safu kwa safu. Hazikuwa na neno hata moja lililosemwa. Hamkuwa na “habari yako” wala “pole” wala “kwaheri”. Nambari, siku, saa, dakika, na kwa kuwa laini zote zilikuwa za kampuni moja, mnara wa mpigaji. Mkaguzi alivuta kiti dirishani akasoma.

Na kidogo kidogo mtaa ukafunguka. Wiki ya kufungua shule simu za fundi ziliongezeka mara tatu, sare hizo. Nambari moja ilipiga mara saba asubuhi ya Jumamosi kisha isipige tena maishani. Bila shaka bwana harusi, na suruali imekuwa fupi. Kila baada ya siku kumi na nne fundi alipiga hospitali, dakika mbili, goti. Na kila Jumapili saa kumi kamili, nambari ya muuguzi, dakika tisa, dakika kumi na moja, dakika kumi na nne. Laini ilibadilika, kisha ikabadilika tena, lakini saa kumi haikubadilika. Yeyote aliyetazama angemwona binti yule na mama yake kama walioketi kwenye benchi moja.

Miaka kumi na moja Mkaguzi alikuwa anazisoma karatasi za namna hii, na bado zilimtia hofu na mshangao kwa pamoja. Watu hudhani siri zao ziko katika maneno. Maneno ni maganda tu.

Palikuwa na safu nyingine iliyojirudia. Kila Jumamosi, saa tatu asubuhi, nambari moja ilimpigia fundi, dakika nne au tano. Haikukosa wiki hata moja. Iliishia na sita, sifuri, sita. Hakuwa mteja, mteja hana adabu ya namna hiyo.

Mkaguzi alivua miwani ili afikiche macho. Alipofungua kibweta kuiweka, kikaratasi cha asubuhi kilikuwa kimelala ndani, na mwandiko wa Mkuu juu. Sita, sifuri, sita.

Alikisoma mara tatu. Halafu akakumbuka kwamba hakumwuliza yule muuguzi mjomba wake anafanya kazi gani. Hilo lilikuwa kosa lake, na alijua angelibeba.

“Kikulacho,” alisema.

“Ki nguoni mwako,” Bi Rula alimalizia, bila kujua ni nguo ya nani.

Saa tisa na dakika kumi Mkuu aliingia, akitabasamu, mikono mfukoni. “Bado mnafukua, kina mama? Nimefuata majibu ya Sajenti. Ile kesi ya nyaya imekaa pabaya.”

“Hayajafika,” alisema Mkaguzi. “Keti, Mkuu. Nina swali moja dogo. Hii nambari ya sita-sifuri-sita ni yako?”

“Yangu. Si nimekupa leo?”

“Inampigia fundi cherehani kila Jumamosi saa tatu.”

Tabasamu lilibaki usoni lakini mwenyewe alishaondoka. Mwanamume yule alikuwa ameagiza kumbukumbu za simu ile mara nne, na hakuwahi kufikiri kwamba yeye naye angekuwamo. Macho yake yalikuwa yameshuka moja kwa moja hadi Jumapili saa kumi, yakaipita Jumamosi yake mwenyewe kama mtu anavyopita kivuli chake.

“Namjulia hali dada yangu,” alisema mwishowe. “Hana simu. Fundi ni jirani yake.”

“Na dada yako ana binti.”

Mkuu aliketi. Kiti kililalamika. “Nimemlea mimi. Baba yake alipofariki alikuwa hajajua hata kufunga viatu. Nikamsomesha, nikamwoza kwa mkono huu. Mke akikimbia nyumba yake, Mama, anayeulizwa ni mjomba. Mumewe alikuja akalia ofisini kwangu. Sasa nifanyeje? Sikusikiliza neno lake hata moja. Nilitazama mnara tu.”

“Ukampa mumewe.”

“Nilimwambia nenda ukamchukue mkeo kwa upole. Nimesema hivyo kila mara. Kwa upole.”

Mkaguzi alichomoa bahasha kubwa ya kahawia aliyoachiwa na muuguzi, akatoa picha ya eksirei, akaiegemeza kwenye kioo cha dirisha. Mwanga wa alasiri ulipita katikati ya mifupa miwili, mmoja mzima, mwingine umekatika kama kijiti.

“Huu ndio upole wake. Wa mara ya tatu.”

Mkuu aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Alinyoosha kidole, akakirudisha kabla hakijagusa. “Mumewe aliniambia ameanguka bafuni,” alisema, na sauti yake haikuwa tena ya mkuu wa kitu chochote.

Wakati huo printa ikakohoa.

Wote watatu waligeuka. Karatasi ilianza kutoka polepole, uso wake ukielekea chini. Bi Rula alisimama, mwanamke mwembamba mwenye rula mkononi, akajiweka kati ya printa na bosi wake wa miaka tisa.

Mkaguzi aliichukua karatasi. Katika chumba kile yeye peke yake alikuwa na haki kisheria ya kuisoma. Upande wa pili kulikuwa na Jumapili saa kumi, dakika kadhaa, na mnara mmoja. Na chini ya mnara huo chumba ambamo msichana mwenye plasta alikuwa anaamini kwamba safari hii hakuna ajuaye. Karatasi haikuwa na uzito hata wa unyoya, ila aliishika kwa mikono miwili.

Hakuigeuza.

“Hata mimi sina haja ya kujua anapolala,” alisema. Akaitia kwenye bahasha, akaifunga. Bi Rula alipiga mstari mwekundu juu ya mahali ilipofungwa, kutoka ukingo hadi ukingo.

Simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwa Mkuu, akaitoa akaiweka mezani. Jina liliwaka juu yake: *Mkwe*. Iliita, ikakatika, ikaita tena. Mkandarasi alikuwa anasubiri kuambiwa mnara upi. Mkuu aliitazama kama mtu anayetazama mkono wake ukifanya jambo asiloutuma. Kisha akaisukuma, kwa kidole kimoja, hadi upande wa Mkaguzi.

“Chukua. Alichokuwa ananiuliza na nilichomjibu, vyote vimo,” alisema. “Jumamosi dada yangu atakwenda kwa fundi, asubiri simu yangu. Nitamwambia nini?”

“Kilichotokea,” alisema Mkaguzi. “Utakwenda mwenyewe. Safari hii hakuna simu.”

Aliandika saa ambayo mkandarasi alipiga, mara ya kwanza na ya pili, akaitia simu ile kwenye mfuko wa ushahidi. Halafu alitoa yake, akaizima, akamkabidhi Bi Rula. Kulikuwa na mtu wa kuonywa asimpigie mama yake Jumapili, mahali walipokubaliana kukutana tangu Ijumaa, na habari hiyo haikustahili kupita katika mnara wowote.

“Nifungie hii kabatini, dada. Nakwenda kwa mguu.”

“Ni mbali?”

“Sitasema.”

Bi Rula alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile, akafuta macho kwa mgongo wa kiganja. Mlango ulipofungwa alivuta daftari, akalamba kidole, akafunua ukurasa wa siku. Aliandika taratibu, kwa mwandiko ule ule wa miaka kumi na minne, huku bosi wake ameketi mbele yake akimtazama:

*Majibu yamefika saa tisa na dakika kumi na nane. Hayakukabidhiwa mtu.*

Akaweka rula chini ya maneno hayo, akapiga mstari.